Ekari Kumi na Mbili za Mama Derrick

Kavetsa alikuwa akifunga mafungu ya sukuma wiki pale mtaani Silanga ujumbe ulipoingia kwenye simu yake. Ulimtambua kama mkulima wa ekari kumi na mbili za mahindi, huko kaunti ya mbali, na kumwarifu kuwa mbolea yake ya ruzuku ya msimu ujao iko tayari. Aende Alhamisi, amwonyeshe afisa shamba, achukue mzigo.

Kavetsa alikitazama kipande chake cha shamba kando ya bwawa. Mbuzi akilala pale, mkia unabaki kwa jirani.

Hajamaliza kucheka, simu ikalia. Alikuwa Kagiri, lando wake wa zamani, mwenye ploti ya Kawangware alikokuwa amepanga chumba. Tangu ahame, Kagiri hakuwahi kumjulia hali.

"Mama Derrick, umepotea sana! Hiyo message ni yangu. Nilitumia tu ile kopi ya kitambulisho uliniachia ukiingia kwa nyumba."

"Na kitambulisho yako?"

"Yangu imefika mwisho, hawapeani zaidi ya hapo. Sasa afisa anataka kuona mtu mwenyewe. Nitakubeba na pikapu, nikununulie chai. Wewe sema tu shamba yangu ni yako."

Kavetsa alikumbuka jinsi mtu huyu alivyokuwa akiwafungia wapangaji maji kila akikosana na mkewe.

"Hiyo tu?" aliuliza kwa upole. "Nitasema."

Alhamisi alivaa nguo za kanisani, na kofia juu. Shambani, mahindi yalikuwa yamebeba, marefu kuliko mtu. Afisa, jina lake Mbithi, alikuwa akiwangoja.

"Mama, hii shamba ni ya nani?"

"Yangu."

"Na huyu mzee?"

"Ni mtu wangu wa kazi. Ni mzuri, lakini usipomsimamia analala."

Kagiri alifungua mdomo. Mbithi akamgeukia. "Ni kweli, mzee?"

Kukana kungekuwa kujitia pingu kwa mkono wake mwenyewe. Kagiri akajibu, "Ndiyo."

Kavetsa akapita katikati ya mistari, mikono nyuma, akisimama hapa na pale kuyaminya mahindi. "Kagiri! Haya yamefika. Vunja, ujaze gari."

"Lakini Mama Derrick..."

"Unabishana na mimi mbele ya serikali?"

Kagiri alivua koti. Mbithi akapiga picha, mwenye shamba mbele, mfanyakazi akitokwa jasho nyuma.

"Mbolea sichukui," Kavetsa alimwambia afisa. "Na utoe jina yangu kwa hiyo listi. Mimi nitalima sukuma tu."

Mbithi hakuwa amewahi kuona mkulima akikataa mbolea, lakini alilifuta jina hapo hapo.

Pikapu ilipojaa, wakarudi mjini. Walipofika Kawangware, Kavetsa alimsimamisha mbele ya lango la ploti yake, akapanda nyuma ya pikapu na kuwaita wapangaji.

"Tokeni na beseni! Lando amewaletea mahindi! Ya bure!"

Milango ikafunguka. Walubengo, fundi wa viatu aliyeishi pale miaka kumi na moja bila kuonja hata chai ya mtu huyu, alimshika Kagiri mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akubariki, mzee. Na vile tumekuwa tukikusema vibaya!"

Ploti nzima ilikuwa ikimtazama. Kagiri alijaribu kutabasamu, tabasamu likamtoka nusu. Akachukua hindi la kwanza na kumpa mtoto aliyekuwa karibu. Kisha la pili. Kufikia la kumi alikuwa akiuliza nani hajapata.