Asilimia Themanini

Niliyoyaota jana mchana, nikiwa nimelalia meza ya ofisi ya walimu, nayasema kama yalivyo. Anayetaka kucheka na acheke.

Nilikuwa nimetoka kujaza andalio la somo la hesabu, darasa la nne, kipindi cha kesho yake. Nililijaza lote mpaka kwenye tathmini: "Wanafunzi wameelewa kwa asilimia themanini." Ndiyo, kabla ya kufundisha. Msinitolee macho, walimu wenzangu, sote tunafanya hivyo ili wathibiti ubora wakija wakute daftari limejaa. Wakati naandika nilimkumbuka Atupele, ambaye mwaka huu anakariri darasa. Baba yake alishaniambia wazi: akifeli tena, anabaki nyumbani kulea wadogo zake. Nikapiga mstari wa mwisho, nikasinzia.

Mara niko darasani, na darasa ni stoo ya mahindi. Andalio la somo limeketi kwenye kiti changu, limekunja nne.

"Chagua mbinu ya kufundishia," linaniambia. "Watoto tisini na sita wanakungoja."

Mbinu zimepanga foleni mlangoni. Wa kwanza ni Bungua Bongo, amekuja na keekee ya seremala. Anauliza aanze na kichwa cha nani. Namwambia asubiri kidogo. Wanafuata Maswali na Majibu, mapacha walioshikana mikono. Wanaulizana, wanajibizana, wanapigiana makofi, na hakuna mtoto hata mmoja waliyemtazama. Kazi ya Vikundi anawagawa watoto nane nane. Katika kila kundi mmoja anaandika, saba wanamshikia rula.

"Na wewe?" namuuliza Fimbo, aliyeegemea kona.

"Mimi huwa siandikwi," anajibu kwa adabu. "Ila sijakosa kipindi hata kimoja."

Loo, nilimchukia! Na mkono wangu, bila haya, ulikuwa umeshaanza kumwendea.

"Umechelewa," linasema andalio. "Tathmini imeshatoka. Themanini katika kila mia wabaki, ishirini watoke."

Watoto kumi na tisa wanainuka, wanatoka kimya. Hesabu inadai pia sehemu ndogo ya mtoto wa ishirini, kwa hiyo Atupele anatoa mguu mmoja nje, anasimama hivyo hivyo kizingitini. Nataka kumwambia arudi ndani. Andalio linaniuliza imeandikwa wapi.

Kuta zinaondoka. Sasa tuko uwanjani, kwenye mstari wa asubuhi, shule nzima inatazama. Mimi nimebanwa kwenye dawati la watoto na Atupele ndiye ameshika chaki.

"Theluthi na robo, ipi kubwa?"

Jamani, naijua! Nimeifundisha miaka kumi na minne. Lakini kinywa changu kinasema, "Robo, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu."

Shule nzima inacheka. Namwomba anieleze tena. Anaeleza maneno yale yale, ila kwa sauti ya juu zaidi. Naomba tena, anapiga ubao. Naanza kulia, machozi na kamasi, mtu mzima mimi.

"Sijaelewa, mwalimu," namwambia.

Kengele inalia. Atupele anafungua andalio, anaandika neno moja, analifunga.

"Sijaelewa!" nampigia kelele.

Niliamka uso umelowa. Ilikuwa saa nane kasoro, jua kali dirishani, na Atupele mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya meza, amekumbatia madaftari ya darasa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Weka hapo, nenda."

Aliyaweka, lakini hakwenda. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua kidole cha mguu sakafuni, jinsi anavyofanya kila ninapomsimamisha darasani.

"Nisamehe, mwalimu," akasema. "Nilikuandikia umeelewa kwa sababu kengele ilikuwa imeshalia."