Ripoti ya Mgonjwa Mmoja

Mwaka ule wa sabini na tano, wanachuo wa uuguzi pale Kasulu walivaa magauni ya bluu yaliyopigwa wanga hadi yakakaribia kusimama yenyewe. Maximilla alilipenda lake kuliko kitu chochote alichopata kuwa nacho. Mpaka leo, uzeeni, anautamani ule mvuke wa sindano zikichemshwa asubuhi, na kelele za wenzake wakigombea pasi ya mkaa.

Kichwa chake cha miaka ile ndicho asichokitamani. Kilikuwa hakimu asiyesikiliza mashahidi. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini kamwambie hayo msichana wa miaka kumi na tisa aliyevunja bomba la sindano mbele ya darasa zima. Akifeli jaribio moja, basi watu wa Kasanda, kijiji chao kule Kibondo, hawakuumbiwa uuguzi. Muhula wa pili aliacha kula, akaacha kucheka, hata kuchana nywele kukawa mzigo. Wenzake wakasema anaringa.

Jumatano moja akafunga sanduku, akaenda kumuaga mkufunzi wao, Sista Philomena, Mngoni wa Songea, mkali kama pilipili.

"Bora nirudi Kibondo nikalime, Sista. Mimi ni mjinga, tena mvivu."

Sista hakumbembeleza. Alimsukumia karatasi ya ripoti ya wodini. "Kabla hujaenda, niandikie ripoti ya mgonjwa mmoja. Anaitwa Maximilla."

Akaandika: *Mjinga. Mvivu. Hana faida.*

Sista akayakata yote kwa mstari mmoja. "Nimewafundisha nini? Muuguzi haandiki anachodhani. Anaandika alichokiona."

Maximilla akaishika kalamu tena, akaandika taratibu. *Siku tatu hajala, anakunywa chai tu. Usiku halali. Hulia akiwa peke yake. Jana alimwogesha bibi wa kitanda cha nane, bibi akamshukuru.* Hapo machozi yakamtoka, maana shukrani ya yule bibi alikuwa ameshaisahau kabisa.

Sista aliisoma, na sauti yake ikashuka. "Leo wewe ndiye wa zamu. Mgonjwa wa namna hii utamruhusu aende nyumbani?"

Maximilla aliisoma tena ile karatasi. Akamwonea huruma msichana aliyeandikwa mle, huruma ambayo hakuwahi kujionea mwenyewe.

"Hapana, Sista," alisema. "Huyu anaumwa."