Abiria wa Gari la Kijani

Jumapili asubuhi Desmond Pethick alikuwa amepiga magoti mbele ya banda lake, akisugua spoki za magurudumu ya gari lake kwa mswaki wa zamani. Alikuwa daktari wa meno mstaafu. Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la kijani, la viti viwili, lililoundwa miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa amelinunua kwenye mnada wa mali za ukoo wa Ashcombe, wenye jumba kubwa kilimani juu ya kijiji.

Alipomaliza aliliwasha, akashuka nalo kanisani. Kwenye kona ya duka la mikate, kiti cha pembeni kililia kidogo, na msichana akawa amekaa. Alivaa gauni la madoadoa. Nywele zilikuwa zimemganda shingoni na maji yakimchuruzika.

"Nishushe machimboni, tafadhali," alisema.

Desmond akampeleka. Machimbo ya mawe yalikuwa yameachwa zamani yakajaa maji, ndani ya ardhi ya Ashcombe. Msichana alishuka, akafunga mlango taratibu, akaingia majini bila kurusha hata tone.

Nyumbani, mkewe Hilary alikitazama kiti cha gari kilicholowa. "Umembeba nani na maji yote haya?"

"Binti mmoja. Ana gauni la madoadoa."

"Ah, Maureen Tibbs huyo. Dada yake Beryl wa posta. Zamani zile, usiku mmoja, alitoka dansini na Julian Ashcombe kwa gari hilihili, halafu tukaambiwa kaenda London kutafuta kazi." Akaendelea kumenya viazi. "Basi ungemtandikia hata taulo."

Jumapili iliyofuata Beryl, aliyepata habari kwa Hilary, alisubiri kwenye kona, amevaa koti lake la kanisani. Maureen alipotokea, Beryl aliinama dirishani.

"Umezeeka, Beryl," Maureen alisema.

"Na wewe umegoma kuzeeka. Mama alikuwa anakuwekea chakula kwenye jiko mpaka anakufa, unajua?"

"Nilikuwa majini."

"Nani alikutia?"

"Si unamjua."

Beryl alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi kwa Sajini Weaver, akamkuta anakunywa chai.

"Bi Beryl," alisema sajini, "nitamtafutaje mtu ambaye kijiji kizima kinamwona akipita garini? Huyo hajapotea."

"Basi kazamieni machimbo."

"Machimbo ni ya Sir Julian. Kaweka kibao pale, hakuna kuingia." Akamsogezea sahani. "Chukua biskuti."

Mwezi Agosti kijiji kilifanya maonyesho ya magari ya zamani. Sir Julian Ashcombe, sasa mzee wa mvi anayetembelea fimbo, ndiye aliyetoa kikombe, na kikombe alikipata Desmond. Mzee aliomba aliendeshe gari la ujana wake japo mzunguko mmoja. Maureen alikuwa amekwisha kukaa.

"Hujambo, Maureen," Sir Julian alisema, akaingia.

Aliponyoosha mkono kwenye gia, Maureen alisogeza magoti kando ili kumpisha, kama mtu aliyezoea. Wakazunguka uwanja. Mchungaji alipiga makofi, na watu wote wakapiga. Waliporudi, Sir Julian alijifuta kiganja kwa leso, akaenda kukata keki ya kina mama wa kanisa.

Beryl aliingia kwenye kiti cha dereva, akashika usukani ingawa hakujua kuendesha.

"Kakuomba radhi?"

"Kaniuliza kama bado napenda kucheza."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia anishushe machimboni. Kasema leo ana wageni."

Beryl alikaa kidogo, akimkamua dada yake maji kwenye pindo la gauni, mpaka Desmond alipokuja na kikombe chake kwapani. Akampisha kiti. Desmond alitia gari moto, akaliendesha polepole kati ya meza za chai kuelekea machimboni, na Sajini Weaver akainua kamba ya lango ili wapite.