Noti Ndani ya Lakrori

Kwa Polikseni, noti mpya za baraza la mji zilikuwa na kasoro moja kubwa: hazilii. Sarafu ya fedha ukiiangusha mezani inalia, na yeye alizoea kuitegea sikio kama mtu anayegonga tikiti maji kabla ya kulinunua. Noti inatua kimya. Alimwuliza mkwewe Urani, mke wa mwanawe, ni pesa gani hii isiyosema?

Lakini sarafu zilikuwa zimeadimika Korça nzima. Vita vilifunga njia za milimani, na fedha yote ikawa ama imefukiwa chini ya sakafu za watu, ama imekwenda kwa wachuuzi wa mahindi. Ndipo baraza likachapisha karatasi zake lenyewe, katikati zina tai wa vichwa viwili. Wanawake walizicheka na kuzipokea. Pandeli muuza duka, siku aliyomrudishia Urani chenji, alimwonyesha yule tai kwa kidole.

"Unaona, mke wa Sotiri? Ana midomo miwili. Ndiyo maana pesa hii inaliwa upesi."

Urani alicheka naye, ila moyoni alizipenda. Maneno yake yaliandikwa kwa lugha ya nyumbani, na aliweza kuyasoma mwenyewe, herufi kwa herufi, huku amempakata binti yake Lefteria. Aliona mji unaochapisha pesa yake ni mji unaotarajia kuwepo kesho.

Mkesha wa Mwaka Mpya, wakichekecha unga, Polikseni alisema mambo mawili bila kuinua macho. La kwanza, lakrori ya mwaka huu, ile pai ya matabaka, haitakuwa na sarafu ndani ya kumpa bahati atakayeipata, kwa sababu nyumba haina sarafu. La pili, hatamkatia Sotiri kipande.

Urani aliendelea kuchekecha. Sotiri, mumewe, alikwenda Amerika kutafuta kazi kabla ya vita, Lefteria akiwa bado tumboni. Barua zilikuja, zikachelewa, kisha zikakoma. Kila Mwaka Mpya, Polikseni alipoikata lakrori, alitaja jina kwa kila kipande: cha Kristo, cha nyumba, cha kila aliyeketi, na mwisho cha Sotiri, ambacho kiliwekwa chini ya picha takatifu. Kipande hicho ndicho kilichomfanya Urani awe mke wa mtu aliye safarini. Bila hicho, hakujua angekuwa mke wa nani.

Alimwuliza mama mkwe taratibu kama amesikia habari yoyote.

"Sijasikia kitu, mwanangu. Hilo ndilo linaloniumiza." Polikseni alikung'uta chekecheo. "Baba yake naye alikwenda Bukareshti. Nikamkatia miaka mitatu, namtaja jina mbele ya watu, kumbe yuko kaburini tangu mwaka wa kwanza. Nimemwita marehemu mezani miaka mitatu. Kwa mtoto wangu sirudii."



Asubuhi Urani alisukuma unga kwa kijiti chembamba mpaka kila tabaka likawa jepesi kama shashi. Akapaka siagi, akatandaza vitunguu vya majani na jibini. Polikseni alipotoka kwenda kuchota makaa, Urani alichomoa noti moja kifuani. Ilikuwa ya kununulia chumvi. Akaikunja kwa urefu hadi ikawa kama utepe, akailaza juu ya jibini, akaifunika kwa tabaka la mwisho. Hakujua hasa anataka nini. Alijua tu kwamba lakrori isiyo na bahati ndani ni chakula cha siku yoyote, na mtu hatajwi jina kwenye chakula cha siku yoyote. Wala haikumjia kwamba sarafu hukaa mahali pamoja, na utepe unaweza kulala mahali pawili.

Lakrori iliiva chini ya kifuniko cha chuma kilichorundikiwa makaa, na adhuhuri wakaketi kuizunguka. Polikseni alifanya ishara ya msalaba kwa ncha ya kisu, akakata. Cha Kristo. Cha nyumba. Chake mwenyewe. Cha Urani. Kilichobaki, kipande kipana kuliko vyote, akakisogeza mbele ya mtoto.

"Cha Lefteria. Haya, tule."

"Bado mmoja, mama," Urani alisema.

Polikseni aliangalia kisu. "Nilikwambia jana."

"Uliniambia. Lakini baba yake hukujua kama yu hai, ukamtaja. Na huyu hujui, unamnyamazia." Sauti yake ilikuwa ndogo, ila haikutetemeka. "Kama ni kukosea, mama, mimi naomba tukosee kwa kumtaja."

Lefteria alishika kipande chake kwa mikono miwili akisubiri wakubwa wamalize. Mwishowe Polikseni alivuta pumzi, akakirudisha sahanini kile kipande cha mtoto.

"Basi binti amgawie baba yake," alisema, akakikata katikati. "Cha Sotiri."

Kisu kilikwama kidogo, kikapita. Polikseni alifunua tabaka kwa kidole. Karatasi ilichungulia pande zote mbili, imelowa siagi hadi inaonyesha mwanga. Akaitoa nusu hii na nusu ile, akazikunjua: kisu kilikuwa kimepita katikati ya tai, kila nusu ikabaki na kichwa chake.

Alimgeukia mkwewe. "Wewe mwali umeoka pesa?"

"Nimeoka, mama."

Mabega ya Polikseni yalianza kutikisika, na ilichukua muda Urani kutambua kwamba anacheka. Lefteria naye akacheka, bila kujua kwa nini. Urani, uso ukimwaka, alisema ataziunga kwa uji wa unga. Pandeli hupokea noti zilizoungwa, na kesho lazima chumvi inunuliwe.

"Chumvi tutaivumilia," Polikseni alisema. "Sarafu ingemwangukia mmoja tu. Hii imewaangukia wote wawili." Alifuta nusu moja kwa kona ya aproni. "Ya mtoto mshonee kwenye kofia. Hii nyingine haina kazi bila mwenzake, na mwenyewe atakuja kuichukua."

Akainuka, akaweka kipande cha Sotiri chini ya picha takatifu, na ile nusu ya noti akaichomeka nyuma yake. Aliporudi alionja lakrori, akatafuna polepole.

"Kweli haina chumvi," alisema, akamega tena.