Vumbi la Makochi

Wifi yangu simwamini, na sijawahi kulificha hilo. Kaka yangu, fundi makochi, nilimpa figo yangu moja nikabaki na kovu ubavuni. Mkewe alichotakiwa kutoa ni uangalizi tu: vidonge kwa wakati, nyumba safi, na mume asikanyage karakana mpaka daktari aseme. Sasa kaka anakohoa, homa haimwishi, na wifi anasema ni mafua. Mafua gani hayo yanayomkondesha mtu?

Nikahamia kwao bila kualikwa. Chai ya kaka niliinusa kabla hajaigusa. Vidonge nilivishika mimi. Kikohozi kikazidi. Halafu nikagundua kwamba nguo za kaka wifi anazifua peke yake, mbiombio, mlango kaufunga.

"Nikusaidie?"

"Pumzika tu, wifi. Wewe ulipasuliwa juzijuzi."

Huruma hiyo ilitoka wapi? Dalili ya mvua ni mawingu.

Siku moja nilirudi mapema kutoka sokoni. Kitanda cha kaka kitupu, na wifi anatoka na mfuko kwapani. Nilimfuata nyuma ya nyumba hadi karakana, nikasukuma mlango matusi yakiwa tayari mdomoni.

Kaka alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi kuukuu lililonyeshewa, analichana. Sponji imeota ukungu mweusi, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Wifi alikuwa anamtolea shati safi kwenye mfuko.

"Nimemkataza mpaka sauti imenikauka," alisema huku analia. "Kaniapisha nisikwambie. Anaogopa utasema umeitupa figo yako bure."

"Dada, ningelala tu kama mzigo, na wewe umekatwa kwa ajili yangu?" kaka aliuliza, kikohozi kikamkata.

Aibu ilinishika, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi. Tulimkimbiza hospitali. Walikuta fangasi mapafuni, ameivuta na vumbi lile. Daktari hakuzunguka: dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo ndizo zilizoufanya ushindwe kupigana na fangasi. Lazima zipunguzwe. Figo inaweza kufa.

Kaka hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

"Dada, unaniruhusu?"

Hasira ilinipanda, kisha machozi.

"Kwani nilikuazima?" nikamwambia. "Daktari, zipunguze."