Maharage Bado

Kaka mtu aliamua kumwaga zege kwenye bustani ya Nyigu ili apate pa kuegesha gari. Gari lenyewe hajanunua, ila nyumba nzima ilishajua rangi yake.

"Chuma kila kitu upike," alimwambia asubuhi, mswaki mdomoni. "Vichanga, vikubwa, vyote. Fundi anakuja leo."

Nyigu ndiye kitinda mimba, na hilo jina hakupewa bure. Akachukua beseni, akaenda nyuma ya nyumba. Kiangazi kilikuwa kinaaga: nyanya zimepasuka zenyewe, biringanya zinang'aa kama kiatu cha bwana harusi, maharage yamekaukia kwenye miti yake, ukiyatikisa yanalia. Akachuma vilivyoiva tu. Maboga machanga akayapita kama hakuyaona.

Halafu, badala ya kurudi jikoni, akaja na jiko la mkaa, sufuria kubwa na kigoda, akavitua katikati ya tuta. Akakaanga vitunguu. Akamwaga nyanya zote. Ndipo akatia maharage, makavu vilevile, hayajalowekwa hata kidogo.

Mama alikuwa anaanika nguo. Akasimama, shati mkononi. Nyanya zikitangulia, maharage yanagoma kuiva, na hilo alimfundisha bintiye yeye mwenyewe. Wakatazamana. Mama akarudi kwenye kamba yake, sema sasa alianika polepole kweli.

Mbele ya nyumba fundi na vibarua wakachanganya zege. Toroli la kwanza likaja, likakwama mbele ya sufuria.

"Dada, tupishe."

"Napika, fundi. Karibu."

Kaka akatoka mbio, kandambili hazifanani. "We Nyigu, toa hiyo sufuria."

"Si umesema nipike? Iko motoni. Itoe wewe."

Kaka akaishika ukingo, akaiachia palepale, akaanza kupuliza vidole. Vibarua wakageukia ukutani, mabega yanatikisika.

"Inaiva saa ngapi hiyo?"

Nyigu akachota punje moja, akaipoza, akamtilia kiganjani. Kaka akaing'ata. Kila mtu alisikia *ko*.

"Bado," Nyigu akasema.

Fundi akajikuna kisogo. "Bosi, zege halisubiri mtu. Likikamata humu kwenye toroli, toroli umelinunua. Sema pa kulimwaga."

"Mtoe huyo, umwage hapa."

"Mimi nabeba kokoto, bosi. Dada za watu sibebi."

"Mama, mwambie mwanao."

"Wote wanangu," Mama akasema, akabana kibanio cha mwisho. "Fundi, pale bombani kila siku nateleza na ndoo. Mwaga pale."

"Mama, hilo zege ni la gari."

"Gari liko wapi, baba?"

Toroli likageuzwa. La pili likafuata, na la tatu. Kufika mchana bombani palikuwa na sakafu laini kama ya hotelini, na saruji imekwisha yote.

Maharage yaliiva jioni, tena mengine shingo upande. Kaka alikula sahani mbili bila kumwangalia mtu. Alipomaliza akafuta mdomo.

"Nitanunua saruji nyingine."

"Nunua," Nyigu akasema, akimwongezea mchuzi. "Mkaa bado upo."