Zimepatana

Katika kamera yangu kila mtu ni wawili. Ukiweka jicho kwenye kile kidirisha chake cha pembeni utamwona mtu amesimama, na kando yake kivuli chake, hafifu, cha rangi ya manjano, kama roho iliyotoka kunyoosha miguu. Unazungusha pete ya lenzi polepole. Kivuli kinamsogelea mwenyewe, kinamsogelea, kinamwingia. Wakishakuwa mmoja ndipo unapiga. Kamera hii haijui kutafuta peke yake. Anayepatanisha ni wewe.

Nilipewa na mgeni mmoja mzee, Mjerumani, aliyekuwa akija ufuo wetu wa Galu kila mwaka, mpaka mwaka ambao macho yake yalimkatalia. Si ya filamu, ni ya dijitali, lakini walioitengeneza walikuwa wangali wakiyapenda mambo ya zamani. Kabla ya kila picha unavuta mkono wake kwa kidole gumba, krrr, na juu ina mishale kama ya saa, mmoja wa betri, mwingine wa nafasi iliyobaki. Vijana wa ufuoni, ninakopiga wageni picha, wakaniita Mzee Krrr. Mimi shule niliiacha kabla ndevu hazijaota, lakini mishale ya saa naijua.

Siku niliyoileta nyumbani Kinondo, marehemu mke wangu Twaiba alikuwa barazani akipindia leso za watu. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Leso ikitoka dukani huwa doti, vipande viwili sawasawa vimeshikana, naye anakata katikati na kupinda pindo. Akaitwaa kamera, akaweka jicho, akanielekezea mimi. Alicheka mpaka sindano ikamponyoka.

"Alfani! Mko wawili. Kama doti haijakatwa."

"Basi zungusha hiyo pete utupatanishe."

"Kwanza niambie yupi ndiye mume wangu, nisije nikampikia wa watu."

Toka siku hiyo, kila nikimpiga picha alikuwa akisimama kimya, midomo kaibana, mpaka aulize, "Zimepatana?" Mimi nikijibu, "Zimepatana," ndipo anacheka. Picha zake zote anacheka, na zote alicheka baada ya neno hilo.

Amefariki. Sitaki kueleza sana, maana nikieleza natukana. Nasema hili tu: gari la wagonjwa lilipozinduliwa, mimi ndiye niliyeitwa kupiga picha wakubwa wakikata utepe. Niliwapatanisha vizuri, kila mkubwa na kivuli chake. Jioni ile Twaiba aliposhindwa kuvuta pumzi, gari lilikuwepo, limeoshwa, limeegeshwa kivulini. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Dereva alilia pamoja nami. Wakubwa hawakulia, walikuwa mahali pengine wakizindua kisima.

Kulikuwa na doti moja ya nakshi ya mikorosho, rangi ya chungwa, aliyojipindia mwenyewe. Kipande kimoja alifunikwa nacho akitolewa nyumbani. Cha pili nafungia kamera.

Katika pilikapilika za matanga kamera ilianguka kutoka juu ya kabati. Ilipona, lakini toka hapo kivuli hakimwingii mtu tena. Unazungusha pete, kinasogea, kinafika begani, kinasimama. Huwezi kujua umepata au hukupata. Picha nyingi zikawa na ukungu, wageni wakawa wanazitazama, wananirudishia tabasamu na kwenda zao. Mimi sikuipeleka kwa fundi. Nilizoea kumwona huyo wa begani. Wavuvi, watalii, wauza madafu, kila mmoja alikuwa na mtu amesimama nyuma yake kidogo, mwepesi, anangoja. Nikajiambia ni yeye. Nilikuwa nakwenda ufuoni asubuhi maji yakiwa yamekupwa, mchanga mweupe hadi kwenye mwamba, naweka jicho kidirishani na kukaa humo muda mrefu bila kupiga chochote.

Sasa mwaka huu wakubwa wa ufuo wametoa amri. Wao hawakosi amri. Mpiga picha asiye na kamera ya kutuma picha hapo hapo kwenye simu ya mgeni hapati kizibao cha ruhusa, na asiye na kizibao askari wa hoteli wanamfukuza kama mbwa wa koko. Walioipanga amri hiyo hawajawahi kusimama kwenye jua la Galu hata kwa kikombe kimoja cha chai. Lakini msimu ulikuwa mlangoni, na mimi nakula kwa hiyo kazi.

Ndipo Nassir wa Ukunda, mwenye duka la simu na kamera, aliponiletea habari kwamba kuna mwenye jumba la kifahari Diani anakusanya kamera kama yangu. Nassir aichukue yangu, anipe mpya, bila kuongezana kitu.

Nikapanda tuktuk.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, Nassir. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu kiti. Rispah, mletee ami maji baridi."

Rispah ni msichana wa bara anayemsaidia dukani, mdomo haulali. Aliniwekea maji, akaitazama kamera ndani ya leso.

"Mzee, kwani hii ni ya wakati wa mkoloni?"

"Ni changa kuliko wewe."

"Haiya! Na mbona imechoka kuniliko?"

Nassir akanipa ile mpya. Nyeusi, nyepesi, haina mishale. Nikamlenga Rispah. Papo hapo kijisanduku cha kijani kikamrukia jichoni, kikamng'ang'ania. Akisogea nacho kinasogea. Akageuka, kikamngoja. Picha ikatoka safi, nami sikufanya lolote ila kubonyeza.

"Hii haikuulizi kitu, ami," Nassir akasema.

"Naona. Haiulizi."

Nikaiweka mezani. Nikaitoa yangu kwenye leso, niiage. Nikaweka jicho, nikalenga nje mlangoni. Ng'ambo ya barabara, kwenye vumbi na mwanga, palikuwa na mwanamke amesimama akingoja magari yapite. Amejifunga leso ya mikorosho, rangi ya chungwa. Nikazungusha pete. Kivuli chake kikaja, kikaja, kikasimama begani, leso mbili zikining'inia hewani, pindo kwa pindo. Honi zikanyamaza. Duka likanyamaza. Yule mwanamke akageuza uso huku kwangu, na kwa mbali, kwa mbali sana, nikasikia "...patana?"

"Zimepatana," nikajibu.

Mkono ukanishika mkono. Ulikuwa wa Nassir.

"Alhamdulillahi! Rispah umesikia? Tumepatana."

Nikatoa jicho. Mwanamke alishavuka, hayupo. Kumbe Nassir ndiye aliyeuliza, nyuma yangu, "Basi ami, tumepatana?" nami nikasikia mkia tu wa neno.

"Nassir, mimi nilikuwa nikizungumza habari za picha. Nimesema zimepatana."

"Zime, tume, ami! Neno ni lile lile, na mkono umenipa."

"Mkono umeuchukua."

"Mimi nimeskia, mzee," Rispah akasema. "Umesema. Hata ukatabasamu."

Kwetu neno hilo si la mchezo. Mtu akishasema tumepatana na mikono ikagusana, kurudi nyuma ni aibu ya kukufuata mpaka msikitini. Nilikuwa nimeshaiona kamera yangu ndani ya kabati la kioo la tajiri, mishale imelala. Halafu nikakumbuka chuo cha Kurani, mkeka, na sauti ya marehemu Maalim Mbwana.

"Hatujaachana," nikasema.

"Vipi?"

"Muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu wangali katika kikao. Aliyenifundisha ni babako, na bakora alinichapa kwa hilo hilo somo. Mimi hapa sijaondoka."

Nassir alinitazama, kisha akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku.

"Wallahi umenikamata. Haya, ami. Kaa. Ukitoka mlango huu hujavunja, biashara imepita."

"Nakaa."

"Ngoja kwanza," Rispah akadakia. "Kwa hivyo mtakaa tu hapo mkiangaliana? Boss, hii ni biashara ama ni mahaba?"

"Kafagie, Rispah."

Nikakaa. Ile mpya mezani upande huu, ya zamani upande ule, mimi benchini katikati. Panka lilikuwa likizunguka juu likikata mwanga vipande vipande. Wateja wakaja wakaenda. Kila nikitaka kusema nivunje, nakiona kizibao. Kila nikitaka kuinuka niende zangu na ile mpya, naona bega tupu. Nassir alinisikiliza nikiwasema wakubwa, gari lao, kisima chao ambacho hadi leo kinatoa upepo, amri zao za simu. Alikuwa akiitikia tu, "Ndiyo, ami. Ndiyo, ami," na sauti yake ikawa inakwenda mbali kidogo kila mara.

Nikamwona Twaiba amekaa mchangani akipindia leso. Ilikuwa doti moja, haina mwisho, imetandazwa Galu hadi Msambweni, mikorosho ya rangi ya chungwa imelala juu ya maji yaliyokupwa, na hakuna aliyeikata. Nikatembea juu yake. Miguu haikulowa. Nikamuuliza, nikate wapi? Akasema, mbona una haraka, Alfani, kaa. Nikakaa upande wangu, naye upande wake, na katikati ule mstari mweupe wa kukatia. Akaibana midomo. Akauliza, "Zimepatana?" Nami nikafungua kinywa nimjibu, neno halikuwemo. Nilishamwachia Nassir.

Nilizinduliwa na adhana ya alasiri.

Nassir alikuwa mezani, bisibisi ndogo kama sindano mkononi, kamera yangu mbele yake. Alikuwa akifunga kifuniko kidogo cha mbele.

"Umefanya nini?"

"Nilikuwa sina kazi, ami, wewe ukikoroma. Kuna skrubu ilikuwa imelegea humu. Nimekukazia. Kama ni yangu, imeshatengenea. Kama ni yako, sadaka."

Nikainyakua. Nikaweka jicho, nikamlenga Rispah aliyesimama na fagio. Kivuli chake kikaja, kikafika begani, hakikusimama. Kikamwingia. Rispah akawa mmoja, mkavu, kama mtu yeyote. Nikamlenga Nassir. Mmoja. Nikalenga mlangoni, na mlango ukawa mmoja.

"Yuko wapi?" nikasema.

"Nani, ami?"

Nikaisukuma pete kinyume, kwa hasira hasa, na kivuli kikatoka. Nikairudisha, kikaingia. Kikatoka tena. Polepole sasa. Kikaenda mbali, kikarudi, kikafika ukingoni mwa uso wa Rispah na kuningoja hapo, unene wa uzi tu, mpaka niseme mimi. Ndivyo ilivyokuwa zamani. Nilikuwa nimesahau. Huyu wa begani niliyemzoea hakuwahi kuningoja. Alikuwa amekwama, kama nilivyokwama mimi.

Rispah alikuwa ametulia, fagio kifuani, midomo kaibana kama wafanyavyo watu mbele ya kamera.

"Mzee, si upige basi? Uso unachoka."

Krrr. Nikapiga. Tukaitazama nyuma pamoja. Kila unywele wa nyusi zake ulikuwa mahali pake.

"Woi," akasema kwa sauti ndogo. "Kumbe mimi ni mrembo hivi?"

"Ami," Nassir akasema, amekwisha kuvaa kofia yake, funguo mkononi. "Nafunga niende nikasali. Tukitoka hapa tumeachana. Sema."

Ile mpya ilikuwa mezani ikinitazama. Nilijua ninachokiacha. Kesho kutwa watagawa vizibao na changu kitakwenda kwa mwingine, na askari niliyecheza naye bao ataniambia, mzee, nisamehe, ni kazi, toka. Nilijua. Nikatandaza leso.

"Nimevunja, Nassir. Hatukupatana."

Akavuta pumzi. "Na msimu huu utakula wapi?"

"Harusi zipo, Kinondo, Msambweni. Bibi harusi haniulizi kizibao."

"Na mimi yule tajiri nimwambie nini?"

"Mwambie mzee mwenyewe hakuuza, ana mke mkali."

Nassir aliniangalia, akataka kucheka, akaacha. Akanipa mkono, safari hii akaungoja wangu uje wenyewe. "Sawa, ami. Babangu angekusifu. Mimi nakusikitikia."

Nikatoka. Jua la alasiri lilikuwa limeanza kuinama, vumbi la barabara limekuwa dhahabu, na watu wakipita ndani yake kama wanatembea ndani ya asali. Nikavuka. Nilipofika pale alipokuwa amesimama yule mwanamke wa leso nikageuka, nikaweka jicho. Mlangoni kwa Nassir hapakuwa na mtu, ni kizingiti tu na mwanga juu yake. Vilikuwa viwili. Nikazungusha polepole, bila haraka, kama aliyeambiwa akae. Mwanga ukausogelea mwanga, ukafika ukingoni, unene wa uzi. Nikaulizwa.

"Zimepatana," nikajibu, kwa sauti kubwa kuliko nilivyodhani.

Nassir akachomoza kichwa mlangoni, funguo mkononi.

"Ami! Nimesikia hiyo!"

"Tumeshaachana, Nassir," nikamwambia, nikavuta, krrr. "Hilo si lako."